Lambo la juu ya uwanda wa Makonde: kwa nini halishiki maji, na nani alilichimba

Marahaba, ndugu yangu. Umeniandikia kutoka kijiji kilicho jirani na Mahuta, wilayani Tandahimba, ukieleza kwamba mna lambo dogo ambalo likijaa hufikia urefu wa mita 40 na upana wa mita 30, na kina chake katikati ni kama mita 1.8. Ulipokuwa mtoto lilikuwa na maji mpaka mwisho wa Oktoba, lakini sasa linakauka katikati ya Julai. Kijiji kimechangishana fedha baada ya mauzo ya korosho ili kukodi kijiko, ile mashine ya kuchimbia, na kulichimba mita tatu zaidi. Unauliza mambo mawili: kama kulichimba kutasaidia, na ni nani hasa aliyelichimba hapo mwanzo, kwa kuwa bibi yako anasema ni Mjerumani na baba yako anasema ni kazi ya wakati wa Operesheni Vijiji.

Nitaanza na kijiko, kwa sababu fedha hazijalipwa bado. Ushauri wangu ni kwamba kisiingie ndani ya lambo lile. Mkilichimba mita tatu kwenda chini mtapata shimo kubwa na zuri kwa macho, litakalojaa katika mvua za Desemba na kubaki tupu kabla ya wiki kwisha. Najua hili ni gumu kulisema kwenye mkutano wa kijiji ambao umekwisha kuchanga, na ndiyo maana nitaeleza kwa kirefu, ili uwe na la kuwaonyesha watu badala ya kuwaambia tu kwamba mtaalamu amekataa.

Uwanda wa Makonde haukosi mvua. Unapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, kiasi ambacho watu wa Dodoma wangekipokea kwa shukrani. Hata hivyo, anayetoka Mtwara kwenda Newala kwa njia ya Tandahimba hupanda polepole juu ya uwanda, ambao ukingo wake wa magharibi unafikia karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na humo juu havuki mto wenye maji ya kudumu. Sababu imo ardhini. Uwanda wote umeundwa na tabaka nene za mchanga na mawe laini ya mchanga, na juu yake kuna ule udongo mwekundu wa kichanga unaopendwa na mkorosho. Mvua inyeshapo juu ya udongo huo huwa inazama pale pale, na inaendelea kuzama mita nyingi, mara nyingi zaidi ya mita mia moja, mpaka ikutane na tabaka isiyopitisha maji kwa urahisi. Hapo inageuka na kutembea kwa pembeni, na inatokea nje pale uwanda unapokatika, kwenye miteremko ya kuelekea bonde la Ruvuma na kwenye mabonde yaliyouchimba uwanda kama lile la Kitangari. Chemchemi zote mnazozijua ziko chini ya mteremko kwa sababu hiyo. Maji yenu yapo, ila yanapita chini ya miguu yenu na kwenda kutokea kwa jirani.

Sasa jiulize jinsi lambo linavyoweza kushika maji juu ya ardhi ya namna hiyo. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika lambo lililofanana sana na hilo lenu, mwezi wa Septemba, likiwa kavu, nikiwa na auga ya mkono, yaani kekee ya kutobolea udongo. Juu kabisa kulikuwa na gome la tope lililopasuka vipande vipande, kila kipande kikiwa kimekunja kingo zake juu kama sahani, na harufu ya majani yaliyooza. Chini ya gome hilo auga ilianza kuwa nzito. Nilipoivuta ilikuja na udongo wa kijivu unaonata, ambao ilibidi niubandue kwa kidole gumba kama mtu anavyobandua ugali wa muhogo kwenye mwiko. Tabaka hiyo ilikuwa na unene wa sentimita 40 hivi. Kisha auga ikawa nyepesi ghafla, ikazama yenyewe, na nilipoinyanyua haikuja na kitu: mchanga mwekundu ulimwagika wote kabla haujafika juu. Nikatia mkono ndani ya tundu; mchanga ulikuwa mkavu kabisa, ingawa miezi mitatu tu kabla ya hapo kulikuwa na maji ya kina cha mtu juu yake.

Zile sentimita 40 za kijivu ndizo lambo lenyewe. Ni udongo laini uliosombwa na mvua mwaka baada ya mwaka kutoka njiani na mashambani, ukatulia chini, ukakanyagwa na miguu ya watu wachotao maji na mbuzi wanywao, ukaziba matundu ya mchanga. Vitabu vya umwagiliaji hukadiria kwamba mchanga hunywa zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa, ambapo mfinyanzi hunywa kati ya milimita 1 na 5, na ukishindiliwa vizuri hupungua hata chini ya hapo. Chukua milimita 30 hizo na uzigawe katika kina chenu cha mita 1.8: unapata saa 60, yaani siku mbili na nusu. Kijiko kitakachokwenda chini mita tatu kitatoa tabaka ya kijivu katika saa chache za kwanza za kazi, na kitu chochote kitakachochimbwa baada ya hapo kitakuwa kichujio. Nimeliona jambo hili likitokea katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Lambo lilifukuliwa mwezi wa Oktoba, likajaa kwa mvua kubwa ya kwanza, watu wakashangilia, na siku ya nne watoto walikuwa wanaokota kandambili zao chini kabisa. Walioumia zaidi ni akina mama, ambao walikuwa wamechanga kama wengine na wakarudi kushuka bondeni na ndoo.

Hapo utaniuliza, ikiwa tope ndilo linaloshika maji, na tope linazidi kila mwaka, kwa nini lambo linakauka mapema kuliko zamani? Swali hilo ndilo la kufanyia kazi, na majibu yake yanaweza kuwa zaidi ya moja. Sababu ninayoishuku kwanza ni matofali. Tope la kijivu la lambo ni malighafi nzuri mno ya matofali na ya kukandika nyumba, nawe mwenyewe umetaja kwamba vijana hufyatua matofali pembeni ya lambo kila kiangazi. Wanachimba wapi? Kama wanachimba ndani ya lambo likishakauka, basi kila tanuru la matofali limekula sehemu ya sakafu. Sababu ya pili ni miti juu ya tuta. Mkorosho una mizizi mikubwa inayotambaa mbali, na mti ukikatwa au kufa, mzizi huoza na kuacha bomba ndani ya tuta. Sababu ya tatu ni mipasuko: lambo likishaanza kukauka Julai badala ya Oktoba, sakafu inakaa juani miezi mitano badala ya mmoja, nyufa zinashuka mpaka kwenye mchanga, na mvua ya kwanza inapitia humo moja kwa moja kabla udongo haujavimba na kujifunga tena. Uharibifu mdogo kwa namna hiyo huzaa mkubwa. Inawezekana pia kwamba barabara ilipochongwa upya maji yaliyokuwa yakiingia lamboni yalielekezwa kwingine, lakini ungekuwa umeona kwamba lambo halijai, na wewe umesema linajaa.

Usinikubalie kwa maneno tu. Pima. Mwisho wa Aprili, mvua zikikatika, chukua beseni kubwa la plastiki, liweke ndani ya lambo mahali pa kina kifupi, ulizungushie mawe lisielee, ulijaze maji ya lambo mpaka usawa wake ulingane na wa maji ya nje. Chomeka mti wenye alama za sentimita ndani ya beseni na mwingine nje karibu yake. Jua na upepo vinapunguza maji ya beseni na ya lambo kwa kiasi kile kile, lakini beseni halivuji. Kwa hiyo tofauti kati ya mti wa ndani na mti wa nje ni maji yaliyochotwa na yaliyonywewa na ardhi. Ili kuondoa ya kuchotwa, soma alama saa moja usiku watu wakishaondoka na usome tena alfajiri kabla hawajaja. Fanya hivyo usiku nane mfululizo na uandike kwenye daftari, kwa sababu usomaji wa usiku mmoja unaweza kukudanganya kwa milimita mbili tatu kwa ajili ya mawimbi na macho yenye usingizi.

Kwa takwimu ulizonipa naweza kukadiria utakachokiona. Jua la kiangazi chetu huondoa karibu milimita 5 kwa siku. Umesema kaya kama 40 bado huchota hapo, kila moja ndoo tatu za lita 20, ambazo ni lita 2,400. Ukizitandaza juu ya lambo lenye wastani wa mita za mraba 800 zinakuwa milimita 3. Kwa pamoja ni milimita 8 kwa siku. Zamani lambo lilidumu takriban siku 180, yaani lilipungua milimita 10 kwa siku, kwa hiyo ardhi ilikuwa inanywa milimita 2 tu, na huo ni ufundi wa kusifiwa kwa watu waliotumia majembe na miguu. Sasa linamaliza mita 1.8 katika siku 75, ambayo ni milimita 24 kwa siku. Toa 8, zinabaki 16. Milimita 16 juu ya mita za mraba 800 ni lita 12,800, sawa na ndoo 640 zinazopotea kila siku bila mtu kuzibeba. Nenda na hesabu hii kwenye mkutano, isome kwa ndoo na si kwa milimita.

Nageukia historia, ambayo nimeipenda tangu nilipofika kusini nikiwa kijana, na ambayo kwenu inaanza na kijiji chenu chenyewe au karibu yake. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa mila, alipita Lindi, Masasi na Newala, na akaandika masimulizi ya asili ya Wamakonde. Katika masimulizi hayo mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke. Walikwenda kuoga Ruvuma na mtoto wao akazaliwa amekufa. Walivuka nchi ya juu mpaka bonde la Mbwemkuru, na wa pili naye akazaliwa amekufa. Ndipo wakarudi juu kwenye vichaka vya Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Wakawausia watoto wao wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti, bali nyumba zao ziwe umbali wa mwendo wa saa nzima kutoka kwenye maji. Ukiusoma wosia huo pamoja na ramani ya malaria, na ukikumbuka kwamba karne ya kumi na tisa mabonde yalikuwa njia ya misafara ya watumwa na ya mashambulizi ya Wangoni, hutauona kama ngano. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, na wamisionari wa Kiingereza waliokuwa hapo wakahamia Newala, ukingoni mwa uwanda, kwa chifu wa Kiyao aliyeitwa Matola. Kukaa juu, mbali na maji, kulikuwa ni kukaa salama. Waliolipa gharama ya usalama huo ni wanawake na mabinti walioteremka na mitungi na kupanda nayo.

Kwamba uwanda huu hauwezi kushikwa na asiyeshika maji ya chini yake, jeshi moja lilijifunza kwa uchungu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wareno walivuka Ruvuma, na Oktoba 1916 wakaiteka boma ya Newala. Boma ile ilikuwa juu. Maji yake yalikuwa chini. Novemba Wajerumani na askari wao walichukua mahali pa kuchotea maji, wakaizingira boma, na kabla ya mwezi kwisha Wareno walitoroka usiku kurudi Ruvuma. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinagusa swali la bibi yako. Kama pangekuwa na malambo ya kuaminika juu karibu na boma, askari wale wasingetegemea chemchemi ya chini. Hilo halithibitishi kwamba hakuna Mjerumani aliyechimba lambo popote Makonde, lakini linanifanya nisiwe mwepesi wa kukubali. Katika kazi yangu nimekuta kila kitu cha zamani chenye zege au mawe kikiitwa cha Mjerumani, hata pale ambapo mzee aliyebeba mawe hayo yupo hai na anasema alilipwa kwa shilingi.

Waingereza walilikuta tatizo lile lile. Katika miaka ya 1950 kiliundwa chombo kilichoitwa Shirika la Maji la Makonde, ambacho kilipandisha maji kwa mitambo kutoka mabondeni hadi juu na kuyauza kwa debe katika vituo vya kuchotea. Lilikuwa wazo la ujasiri, na lilibebeshwa mkopo ambao mauzo ya madebe hayakuweza kuulipa. Baada ya uhuru serikali iliubeba mzigo huo, na mwaka 1971 ikatangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji. Finland ilichukua jukumu la kusaidia Mtwara na Lindi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazee wa mabondeni bado wanazikumbuka pampu za mkono za wakati huo, lakini visima vifupi haviwezekani juu ya uwanda, kwa sababu niliyokwisha kuieleza, na kwenu yalibaki mabomba marefu yanayosukuma maji kutoka visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, kwenda juu mita mia kadhaa. Kila pampu ilipokosa dizeli au kipuri, vilula vilikauka na watu walirudi kwenye malambo. Mradi huo wa maji wa Makonde umeingizwa katika ule wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa mwaka 2022.

Kati ya hayo kuna Operesheni Vijiji, na hapa ndipo ninapomwelekea baba yako. Kati ya 1973 na 1976 watu waliokuwa wamesambaa katika vitongoji vidogo vya ukoo, kila kimoja kikiwa na mkulungwa, yaani mkuu, wake, walikusanywa kando ya barabara. Kitongoji cha kaya sita kinaweza kuishi kwa mitungi na maji ya mvua yaliyokingwa. Kijiji cha kaya 250 hakiwezi. Malambo mengi madogo niliyoyaona yako umbali mfupi kutoka barabara ya kijiji cha wakati huo, na kama lenu liko hivyo, hiyo ni hoja nzito upande wa baba yako. Hata hivyo usimfutie bibi maneno yake mapema. Mpeleke mwenyewe mpaka ukingoni mwa lambo, umwache aangalie, halafu umwulize alikuwa amevunja ungo au bado alipoliona mara ya kwanza, na ni nani aliyesimamia kazi. Akisema jina la liwali, mko kabla ya uhuru. Akisema balozi wa nyumba kumi au katibu wa TANU, mko baada. Angalia kama tuta lina utoro wa zege, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, na kama zege hilo lina nondo ndani. Hesabu pia mikorosho mikubwa iliyo juu ya tuta, kwa kuwa mti hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko tuta uliloota juu yake.

Jambo moja la lugha linaweza kukupoteza. Umeandika kwamba mzee mmoja alikutajia lambo hilo kuwa la mkulungwa fulani, mtu aliyefariki zamani sana. Katika Chimakonde chilambo, ambayo wengine hutamka shilambo, ni nchi au eneo, na zamani liliitwa hivyo eneo lililokuwa chini ya mkulungwa. Huenda mzee alikuwa anakueleza ardhi ni ya nani, nawe ukasikia maji ni ya nani. Rudi umwulize kwa Chimakonde, akujibu kwa Chimakonde. Na ukipata nafasi ya kufika Dar es Salaam, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa inatunza vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza. Katika kile cha Newala unaweza kutafuta kazi za maji zilizofanywa kwenu.

Sasa fedha zenu zitumikeje? Kama vipimo vya beseni vitaonyesha kwamba ardhi inakunywa zaidi ya milimita 5 kwa siku, rekebisheni sakafu. Subirini lambo likauke. Ondoeni kwa koleo na mikokoteni lile gome la juu lenye majani na mizizi, na muishie hapo udongo wa kijivu unapoanza kunata. Kwa auga, au hata kwa chuma chenye ncha, chunguzeni sakafu kila baada ya mita tano na muweke kijiti cheupe mahali popote ambapo tabaka ya kijivu ni nyembamba kuliko kiganja. Vijiti vitawaonyesha wapi matofali yalichimbwa. Hapo ndipo pa kuongeza udongo, na udongo bora uliopo juu ya uwanda ni wa vichuguu, ambao mchwa wameuchagua na kuusaga wenyewe. Wa mabondeni nao ni mzuri ila usafiri wake utawagharimu. Utandazeni kwa tabaka ya sentimita 15, uwe na unyevu wa kutosha kiasi kwamba ukiufinyanga mkononi unakuwa mpira usiochuruzika wala kumeguka, ushindilieni mpaka kisigino kisiache alama, kisha tabaka ya pili juu yake. Kama ni robo ya sakafu inayohitaji kazi hiyo, yaani mita za mraba 300, kwa unene wa sentimita 30 mnahitaji mita za ujazo 90 baada ya kushindiliwa, sawa na lori la tani saba kwa safari zisizopungua 20. Jirani mwenye mbuzi wa kutosha aje awazungushe humo siku mbili tatu, nisemavyo kwa dhati, kwa sababu kwato ndogo zinashindilia vizuri kuliko gurudumu.

Miti iliyo juu ya tuta msiing'oe kwa haraka. Mikorosho mikubwa iliyo hai iacheni, ila michanga ing'oeni kabla haijapata mizizi, na mahali paliko na kisiki kilichooza chimbeni mpaka mwisho wa mzizi na mzibe kwa udongo ule ule wa kichuguu. Wafyatua matofali wapewe mahali pengine pa kuchimba, tena mahali hapo paamuliwe kwenye mkutano huo huo, wakiwapo wao wenyewe. Kuhusu vibali, kazi ya ukarabati mdogo ielezeni kwanza ofisi ya wilaya ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na mkifikiria kuinua tuta au kuchimba lambo jipya, Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini iliyoko Mtwara ndiyo ya kuuliza kabla ya jembe la kwanza, kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009.

Maji ya lambo hata likikarabatiwa vizuri ni ya matofali, ya mbuzi, ya kufulia kwa beseni na ya vitalu vya miche ya mikorosho. Si ya kunywa bila kuchemshwa, na watoto wasiogelee humo, kwa kuwa kichocho bado kipo katika mikoa yetu na konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Maji ya kunywa yako juu ya mabati yenu. Jengo la madarasa lenye paa la mita 30 kwa 9 hupokea lita 270,000 katika mwaka wa mvua za milimita 1,000, na hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 216,000. Tahadhari moja kwenu watu wa korosho ni kwamba salfa mnayopuliza kuanzia Juni inatua juu ya mabati pamoja na vumbi, kwa hiyo mvua mbili za mwanzo ziacheni zioshe paa na kumwagika kabla hamjaelekeza mfereji kwenye tangi. Nikilinganisha gharama ya siku tatu za kijiko na gharama ya mifereji na tangi la zege la lita 50,000 pale shuleni, sioni sababu ya kusita, na tangi halitegemei tope.

Umesema mwenye kijiko anataka malipo ya awali kabla ya Pasaka. Mwombeni asubiri mpaka katikati ya Mei, mkiwa mmeshasoma beseni kwa usiku nane. Kisha niandikie tena ukiniwekea jedwali la vipimo na, lambo likishakauka, idadi ya vijiti vyeupe, nami nitakuambia ni safari ngapi za udongo mnazohitaji hasa. Bibi yako akikubali kwenda lamboni, niandikie pia alichosema, kwa maneno yake mwenyewe.